Ndege Inayorudisha Mtu

Kambi ya Nakivale, Uganda, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Appolinaire,

Salamu za huku zinakuja na matope, maana mvua imeanza. Maharagwe yameota vizuri. Mbuzi wa Ancilla aliingia shambani akala mstari mzima, Ancilla akaja kuniomba msamaha na bakuli la ndizi, nikala ndizi, hasira ikaisha. Mumewe Cassien bado anapeleka samaki wakavu huko kwenu sokoni, na barua hii ataileta ndani ya kofia yake, kwa hiyo usishangae ikinuka. Mimi ni mzima. Masikio ni yale yale. Tangu lile bomu la Uvira sisikii hata radi, naona tu watu wanaruka.

Sasa neno lenyewe. Viza imetoka. Elisée mwanangu alituma picha ya karatasi kwenye simu ya Cassien, na imeandikwa kwamba lazima niwe nimeingia Australia kabla mwezi wa tisa haujaisha. Ukiisha, viza imekufa. Amepata kampuni tatu za ndege. Moja inapitia Dubai, moja Doha, moja Addis na kisha Singapore. Anasema, mama, chagua mwenyewe, usije ukasema nilikubeba kama gunia. Nichague kwa kutazama nini? Ndege nimeziona matumbo tu, zikipita juu ya mto Ruzizi. Nimemjibu, nitamuuliza mjomba wako, ndiye anajifanya rafiki wa ndege.

Swali langu ni moja, unijibu bila maneno mengi. Katika hizo tatu, ni kampuni ipi inarudisha mtu akifa?

Yaya yako,
Georgette


Kakiika, Mbarara, 2 Machi 2025

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa, mke wa Léopold, mama wa Australia nzima,

Kofia ya Cassien imefika, na barua ndani yake, na mapaka wote wa soko wameifuata mpaka kibandani kwangu. Mimi hapa Kakiika ni mzima kupita kiasi. Mama mwenye nyumba amenisalimia mbele ya wageni wake, jambo ambalo hafanyi kwa wapangaji wengine. Kazi ya kutengeneza valizi, haya masanduku ya safari, inakwenda. Mbarara hii, mtu zipu ikimkatalia, polisi, padri au mwanafunzi wa chuo, wote wanaletwa kwa jina moja: Fundi Appo, yule wa ndege.

Umefanya vizuri kuuliza mtu anayejua. Dubai naijua kama njia ya kwenda kisimani. Uwanja wake una duka la dhahabu na msikiti na mti uliopandwa ndani ya nyumba; mti wenyewe umesahau mvua ni nini. Doha nayo ni safi, unaweza kula bugali sakafuni. Addis wanakupa chakula chenye pilipili, utajiona uko kwa mama. Singapore ni mji ambao hata nzi ana adabu.

Chagua kiti cha dirishani. Ndege ikipaa watu wote wanashika masikio na kufungua midomo kama samaki wa Cassien. Wewe peke yako utakaa umetulia, watafikiri umezaliwa ndani ya ndege. Na wasikudanganye na mfuniko wa karatasi juu ya chakula. Unafunuliwa, hauliwi. Nilimwona mheshimiwa mmoja anautafuna.

Ile sentensi yako ya mwisho sikuiona vizuri. Nafikiri maji ya samaki yaliimwagikia.

Mdogo wako asiyeshindwa na zipu,
Appolinaire


Nakivale, 6 Aprili 2025

Appo,

Pasaka inakaribia na kwaya inafanya mazoezi. Mimi nakaa nao mbele, naangalia midomo yao, na anayekosea namjua kabla ya mwalimu. Maharagwe tumevuna. Tumepata majirani wengi wapya, kila juma magari yanaleta watu kutoka kwetu, na wote wanasema Kavumu ndege hazitui tena. Ule uwanja wako wa zamani umenyamaza kama mimi.

Barua yangu haikumwagikiwa na kitu. Wewe mtoto wa mama nakufahamu. Ulipakia mizigo Kavumu miaka mingi, hukupanda hata siku moja, na Dubai umeionea kwenye kalenda ya muuza simu. Sikukuuliza dhahabu wala miti.

Nitakuambia kwa nini nauliza, kisha sitarudia. Pascasie, yule wa karibu na bomba, alikwenda Kanada na watoto wake. Aliacha kaburi moja nyuma ya nyumba, la yule mtoto wake mdogo. Mtu akiondoka kambi, kiwanja chake kinapewa mgeni. Ndiyo sheria, na wageni wanahitaji pa kulala, siwezi kuipinga. Wale wageni walikuwa watu wazuri. Kaburi lilikuwa na msalaba wa mti tu, mchwa waliumaliza. Wakalima, wakapanda viazi vitamu, wakavuna, wakatuletea majirani kila nyumba sahani. Hawakujua. Mimi nilijua, nikashika sahani mkononi sikujua niiweke wapi.

Léopold yuko nyuma ya jiko, na upande wake wa kushoto niliacha fasi yangu, mahali pangu pa kulazwa, sijapanda kitu hapo, hata kitunguu. Kuzikwa kwetu Kivu siombi tena. Naomba pale tu.

Basi, kampuni ipi?

Na jambo jingine. Maandishi yako yamekuwa makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na mistari inapanda mlima. Unakunywa?

Georgette


Kakiika, 25 Mei 2025

Yaya wangu mpenzi,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Cassien alikuja mara mbili akanikuta sipo, nilikuwa Ruharo kwenye lopitalo ya wamisionari, nilimsindikiza rafiki kwa daktari. Rafiki mwenyewe ni mtu mzuri sana, mwenye sura nzuri, mcheshi, wanawake wanamheshimu. Habari nyingine za huku ni nzuri. Mama mwenye nyumba amepaka rangi ukuta, nami namwambia amefanya hivyo kwa sababu yangu. Sinywi. Meza yangu imevunjika mguu mmoja, ndiyo maana mistari inapanda.

Sawa. Nitakujibu, maana umenikamata.

Pale Kavumu tulipakia mizigo ya kila namna: vifaranga, matairi, jibini, sanduku la kinanda cha askofu. Na majeneza pia. Jeneza haliwekwi chini ya kitu kingine, wala haliwekwi na vifaranga, maana vifaranga vinapiga kelele njia nzima na yule anahitaji kupumzika. Na sisi wapakiaji tulikuwa na desturi yetu ambayo hatukufundishwa na kampuni yoyote. Kabla ya kufunga mlango, mkubwa wa zamu anagonga kifuniko mara tatu na mkono mtupu, anataja jina la mtu na fasi anayokwenda. Kwa sauti, kama anamwambia mtu mzima. "Mama Fulani, unakwenda Kindu." Ndege inaweza kutua Goma, inaweza kulala Kisangani. Hatutaji mji wa kupita. Tunataja mwisho wa safari, asije akashuka njiani akapotea.

Siku moja rubani alikuwa na haraka, akasema, fungeni, nyinyi mnaongea na mbao. Mkubwa wetu, mzee Mutware, akamjibu, "Wewe endesha mbele. Huku nyuma ni kazi yetu." Rubani akangoja.

Sasa sikiliza jibu, yaani soma. Kampuni zote tatu zinabeba. Ile ya Dubai inabeba, ile ya Doha inabeba, ile ya Addis inabeba. Lakini sijaona hata moja inayopakia jeneza kama hakuna jina la mpokeaji upande wa pili. Mtu mwenye miguu yake, aliyesimama uwanjani, anayesema huyu ni wetu. Bila huyo mtu, jeneza linabaki pale lilipo, na hata ndege iwe ya malaika haitalichukua.

Kwa hiyo, yaya, swali lako si ndege ipi. Ndiyo maana nilikuwa sitaki kulijibu.

Appolinaire


Nakivale, 22 Juni 2025

Mutoto wa mama,

Mahindi yako kiunoni. Ancilla ana homa, anapona. Nakusalimu, na salamu zimeishia hapo.

Cassien alikaa jikoni kwangu jana na akaniandikia kwenye udongo kwa kijiti, maana nilimwambia asiponiambia sitampa uji. Ameandika kwamba alikwenda Ruharo kumwona shemeji yake, akakuta mtu amekaa kwenye benchi ya wagonjwa wa macho, jicho moja limefungwa pamba. Muuguzi akawa anamwonyesha vidole. "Mzee, hii ni ngapi?" Na yule mzee akamjibu, "Binti, uliza maswali ya mtu wa umri wangu, vidole nilimaliza shule ya msingi." Watu wote wakacheka, muuguzi akacheka, na vidole hakuvihesabu. Cassien amesema alikupigia kelele, ukamtafuta kwa kugeuza shingo yote kama kuku.

Na ameandika kwamba barua zangu unazisoma zikigusa pua.

Nani huyo rafiki mwenye sura nzuri? Unaogopa kuniambia mimi? Nilikubeba mgongoni kutoka Uvira mpaka Gatumba, na ulikuwa mkubwa, miguu yako ilikuwa inaburuta.

Nimeshamwambia Elisée asinunue tiketi. Siendi. Mimi sina masikio, siwezi kukusikia kwenye simu. Ukikosa macho hutanisoma kwenye karatasi. Nikiwa mbali tutaongea na nini? Hapa angalau nitakushika mkono. Utakuja ukae nami, nitakupikia sombe, na Léopold yuko palepale. Viza iende na mwezi wake wa tisa.

Usinijibu kwa mizaha.

Georgette


Kakiika, 13 Julai 2025

Yaya Georgette,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia asubuhi, nimekaa nje, uso kwenye jua, maana kivuli kimeanza kuninyima herufi. Mtu wa kibanda cha jirani anavunja karanga na anaimba vibaya. Hizo ndizo habari.

Ni presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: pale katikati pana mwanga na sura ndogo, pembeni pote ni ukuta. Daktari ni mtu mwema, hakunidanganya. Alisema kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone inachelewesha tu kilichobaki. Nilimuuliza, mpaka lini? Akasema angependa kujua. Uzi kwenye sindano nawapa wateja wanitilie, nawaambia ni heshima yao.

Sitanii sasa. Mara hii tu, nivumilie.

Ukibaki kwa ajili yangu, utakuwa umenifanyia ubaya ambao hata lile bomu halikukufanyia. Elisée ni mtoto wako pekee aliyebaki. Ana watoto ambao hujawagusa vichwa. Umengoja karatasi hiyo miaka yote, ukahojiwa mpaka ukasahau umezaliwa lini. Halafu mimi, fundi wa zipu, ndiye niifunge njia?

Hebu soma nilichofanya, maana nimekifanya kabla ya kukuomba ruhusa. Nilikuja Nakivale juma lililopita na sikupita kwako, unisamehe, ungenishinda. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaenda naye biro ya kambi. Jina langu liko bado kwenye karatasi ya familia yako, tangu tulipoingia sote. Wamesema kama mtu wa karatasi ile anakaa kwenye kiwanja kweli, haonekani Jumapili tu, kiwanja ni chake. Nimeuza cherehani na mikasi. Kibanda nimemwachia yule mwimbaji wa karanga. Mtu asiyeona mji hana haja ya kukaa mjini. Mimi Appolinaire niliyetembea dunia nzima, nakuja kuwa mlinzi wa jiko lako.

Sina haja ya macho kumlinda Léopold. Kaburi lake ni la saruji, nitalijua kwa mkono. Na fasi yako ya kushoto nitakaa hapo na kiti changu. Nani atalima chini ya mzee aliyekaa?

Ulitaka mpokeaji. Mpokeaji ndiye huyu.

Na kampuni nimechagua. Ile ya Dubai. Si kwa sababu ya dhahabu wala mti. Nilimwomba Elisée anisomee saa za kuondoka zote tatu. Hiyo ndiyo inaondoka Entebbe mchana, jua likiwa juu. Nyingine zinaondoka giza limeingia, na gizani mimi sioni kitu hata kimoja. Nataka kukuona ukiingia. Elisée ataomba mtu wa kukusukuma kwenye kiti cha magurudumu na kukuonyesha milango, wanafanya hivyo kwa wazee ukiwaambia mapema. Utavaa kadi shingoni kwamba husikii.

Ukingoja, viza itakufa na jicho hili litakufa, na hakuna hata mmoja wetu atakayekuwa amepata kitu.

Nimekutengenezea valizi. Zipu yake itazidi umri wetu sote wawili.

Mdogo wako


Adelaide, 12 Oktoba 2025

Mutoto wa mama,

Elisée atapiga picha ya barua hii na kuituma kwa Cassien, na Ancilla atakusomea. Ancilla, nakusalimu, usiruke neno.

Nimefika. Ndege haikunipa shida, mfuniko wa karatasi sikuula. Watoto wa Elisée ni wazuri na ni warefu. Wananiandikia maneno kwenye kibao cha shule kwa Kiingereza, na mimi nawajibu kwa Kiswahili, halafu tunatazamana na kucheka. Baridi ya huku inaingia kwenye kidole cha mguu inabaki humo. Kwenye bustani za huku nimeona maua yamepewa namba badala ya majina. Elisée anatoka kazini amechoka, ananiwekea kichwa mapajani kama zamani, hajui kwamba usiku ananiliza. Hapa kila mtu ana mlango wake na ameufunga.

Valizi imefika bila mkwaruzo. Nimekataa isiwekwe juu ya kabati. Iko chini ya kitanda, naigusa kwa mguu.

Sasa neno langu. Pale Entebbe, kabla yule binti hajaanza kunisukuma, ulikuja nyuma yangu ukanigonga begani mara tatu, na mkono mtupu. Nilijua unafanya nini. Mimi si maiti, Appo, nilikuwa na nguo mpya. Nilitaka kukupigia makelele, nikageuka, nikaona midomo yako inatembea. Lakini ulikuwa umesimama mbele ya kioo kikubwa, jua lote nyuma yako, uso wako ukawa mweusi kabisa. Mimi ninayesoma kwaya nzima sikuweza kukusoma wewe.

Jina langu naamini ulilitaja. Ulisema ninakwenda wapi?

Yaya yako


Nakivale, 9 Novemba 2025

Yaya,

Hii naandika mimi mwenyewe. Cassien amefunga nyuzi kwenye ubao, mkono unatembea kati ya uzi na uzi kama mbuzi kwenye njia yake. Nafikiri ndiyo ya mwisho ya mkono wangu. Zitakazokuja zitakuwa na sauti ya Ancilla, anayesoma barua kama litania, kila nukta anataka niseme amina.

Habari za huku. Mvua nzuri. Maharagwe umeyaachia udongo wenye akili, yanaota bila kuonekana, nayajua kwa kidole. Maji ya bomba yanakuja kwa saa zake. Watoto wa wageni wapya wananiita Babu Rubani, na mimi sijawakataza; nimewaeleza Singapore mpaka wamechoka. Jicho limebaki na mwanga tu, najua jua limetoka upande gani.

Jirani mpya anaitwa Aurore, amekuja na jembe, amezoea kulima karibu na ukuta. Nikamsikia anakaribia kule nyuma ya jiko. Nikamwambia, mama, njoo. Nikashika mkono wake nikauweka juu ya saruji. Nikamwambia, huyu ni Léopold, shemeji yangu. Kisha nikauweka chini, upande wa kushoto, kwenye majani. Akauliza, "Na hapa ni nani?" Nikamwambia, hapa ni mtu yuko safarini. Kesho yake akaja kupang'olea magugu, na sasa anapafagia kila Jumamosi anapofagia kwake.

Kama mimi nitatangulia, mwenyekiti anajua, Cassien anajua, Aurore anajua. Wote watatu nimewafundisha namna ya kugonga.

Siku ile Entebbe nilikuona mpaka mwisho. Kitambaa chako cha kijani kilikuwa ndani ya lile bomba langu, kikawa kidogo, kikawa kama jani, kisha mlango. Ni kitu cha mwisho nilichokiona sawasawa, na sitaki kingine juu yake.

Umeuliza nilisema nini. Nilisema kwa sauti, watu wa mizigo wakageuka, na mmoja wao mzee kidogo akavua kofia.

Nilisema, Georgette wa Léopold, unakwenda Nakivale.

Appolinaire, mpokeaji